Karo haina nafuu ya kodi, bima inayo

Wadau, hebu tuangalie hii hesabu. Mzazi Mkenya akilipa karo kutoka mfukoni, KRA haimpunguzii kodi hata senti. Lakini akikata bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi, anapunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya anacholipia bima, mwisho Sh60,000 kwa mwaka.

Ukilipa Sh5,000 kwa mwezi, unaokoa Sh9,000 kwa mwaka. Kuipata ile 60,000 yote, lazima ulipie bima Sh400,000 kila mwaka. Nani huyo kama si mwenye mshahara mnono? Anayeungaunga karo muhula kwa muhula anakatwa kodi yote. Yaani nafuu ni ya mwenye akiba, si ya mwenye mtoto darasani. Mnasemaje?