Mpiga gitaa akiondoka, bendi ya ndugu haijaibiwa

Kyebando, kaskazini mwa Kampala, si vigumu kukuta biashara ya ndugu. Kaka anafungua duka, mdogo wake anakaa kaunta, binamu anatumwa Nairobi au Dar es Salaam kufuata mzigo. Baada ya miaka michache yule binamu anawajua wauzaji wa huko kwa majina, na bei ikitaka kupanda yeye ndiye wa kwanza kusikia. Siku anapokodi chumba chake upande wa pili wa barabara, ukoo mzima unaitwa kwenye kikao. Neno la kwanza kutamkwa ni usaliti.

Neno hilo linatumiwa ovyo. Kabla ya kulitamka, wenye maduka wangekumbuka bendi ambayo wengi wao waliisikia utotoni: Simba Wanyika.

Ilikuwa bendi ya nyumba moja. Wilson Kinyonga na mdogo wake George Peter walianzia Tanga, katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikozaliwa. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi, penye studio na kampuni za santuri. Anayefuata soko haitaji kuelezwa kwa nini.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Jumuiya ya zamani ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa Mtanzania aliyekuwa Nairobi, kuacha kazi kipindi hicho halikuwa jambo dogo, maana kurudi nyumbani kulikuwa na mzunguko wake. Hata hivyo, mwishoni mwa 1978 Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, aliliondoa gitaa lake la ridhimu kwa akina Kinyonga. Pamoja naye waliondoka Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma na Sijali Zuwa. Kwa lugha ya dukani, mtunza ghala, dereva na mhasibu wamefunga virago kwa mpigo.

Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, wakampata John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga na bendi ya Bwambe Bwambe, wakajiita Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa ulivuma kuanzia 1979, na leo unaimbwa hata na waliozaliwa baada ya bendi hizo kunyamaza. Issa Juma, aliyeimba na Les Wanyika mwanzoni, naye akatoka na kuunda Super Wanyika. Na wanaodai kwamba damu haiondoki watazame 1980: George mwenyewe alimwacha kaka yake, akaanzisha Orchestra Jobiso. Baadaye walikuwa pamoja tena.

Je, Wilson aliibiwa? Mwenye duka wa Kyebando atajibu ndiyo, na hoja yake ina uzito. Waliotoka hawakwenda na vidole vyao tu. Walikwenda na jina Wanyika, ambalo nyumba ya Kinyonga ndiyo iliyolijenga, kama binamu anavyoondoka na namba za simu za wateja. Hasara hiyo ni ya kweli na haifutwi kwa kusema soko ni la wote. Lakini bendi ya ndugu ina dari kwa asiye ndugu. Anaweza kuwa fundi kuliko mwenye jina, na bado jina si lake. Akifika kwenye dari hiyo, ana njia mbili: kuinama au kutoka.

Wala waliobaki hawakufa njaa. Simba Wanyika ilitafuta watu wapya, ikaendelea kurekodi, ikafika hadi Ulaya. Wasikilizaji walipata bendi tatu nne badala ya moja. Kampala nayo ina mfano wake. Orchestra Makassy ilianzishwa hapa mwaka 1975, ikaukimbia utawala wa Idi Amin na kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1978 Mzee Makassy alimpokea humo ndugu yake kutoka Zaire, Remmy Ongala. Remmy hakukaa daima. Alikwenda Matimila, na huko akawa mkubwa kuliko aliyempokea. Nani leo anamwita msaliti?

Kinachokera ni kwamba biashara za mpakani zinajua karatasi. Mama anayevusha magunia ya mahindi anajua cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na anakijaza bila kulalamika. Mama huyohuyo hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja na mpwa wake anayekaa Busia kumpokelea mzigo: analipwa mshahara au fungu la faida, akiondoka anachukua nini, jina la duka ni la nani. Kuuliza hivyo kunaonekana ni kukosa adabu. Basi kunaachwa hadi siku ya kikao, wakati kila mtu ana hasira na hakuna anayekumbuka makubaliano yale yale.

Wakati wa kuandika ni duka likiwa bado dogo. Jina likishakua, kila upande una bei yake, na mazungumzo yanahitaji wakili.

George Kinyonga alifariki 1992. Wilson alimfuata 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo, kwa kuwa ilikuwa imesimama juu ya ndugu wawili. Les Wanyika, ya wale waliotoka, ilikuwa bado inapanda jukwaani Nairobi.