Mstafeli Tupande kwa Ajili ya Tunda, Siyo Majani

Juzi mama mmoja wa Buswelu, hapa Ilemela, aliniita: "Bwana shamba, njoo uone mstafeli wangu una ugonjwa gani." Nikakuta mti wa miaka minne umebaki vijiti. Ugonjwa hakuna. Majirani wamechuma majani yote wakachemshe chai ya kutibu saratani.

Mti hujitengenezea chakula kwenye majani. Ukiunyoa namna ile, maua yanapukutika na tunda hulipati. Ila mti utachipua tena, mimi kinachoniuma ni mgonjwa. Maabara wamejaribu dawa ya majani haya kwenye seli, sawa, lakini kuua seli kwenye chupa siyo kuponya mtu, na hakuna ushahidi kwamba chai hiyo inaponya saratani. Tena mwaka 1999, madaktari kisiwani Guadeloupe waliandika kuhusu wagonjwa wenye dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, waliokuwa wakitumia sana matunda na chai za jamii hii ya miti. Kwa hiyo hata tunda lenyewe kula kwa kiasi, na mbegu zitoe kabla ya kusaga juisi, zina sumu. Mwenye uvimbe aende Bugando, asije kwangu.

Baada ya hapo, panda! Kwa kiwanja kidogo mti huu unafaa mno, hauwi mkubwa kama mwembe au mfenesi. Shida yetu Mwanza ni miamba. Chimba kwanza uone kama unapata udongo wa kina, angalau futi mbili, changanya na samadi iliyooza. Wewe uliye bondeni karibu na ziwa, inua tuta, maana maji yakituama mizizi inaoza. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mwagilia.

Wengi wanalalamika maua mengi, matunda mawili. Ua la stafeli huanza upande wa kike, poleni hutoka baadaye, kwa hiyo lenyewe kwa lenyewe hukosana. Chukua poleni kwa brashi ndogo kutoka ua lililokomaa, paka kwenye lile linaloanza kufunguka. Chuma tunda likianza kupauka na miiba yake ikiachana. Ukiwahi, halitaiva vizuri.

Yule mama nimemshauri azungushie uzio wa miiba mpaka mti urudi. Jirani mmoja ameshanuna.