Wengi Wape, Lakini Hasira Hasara

Wahenga walituachia neno fupi: wengi wape. Juma hili ningependa tulitafakari neno hilo kwa kuitazama Athene ya kale, mji ambao wananchi wenyewe, wala si wawakilishi wao, waliamua juu ya sheria, vita na amani.

Katika karne ya 4 K.K. mkutano wa wananchi ulifanyika takriban mara 40 kwa mwaka, kilimani Pnyx. Mpiga mbiu aliuliza ni nani atakaye kusema, na raia yeyote, awe tajiri au maskini, aliweza kusimama. Uamuzi ulifanywa kwa kuinua mikono. Baraza la watu 500 lililoandaa hoja lilipatikana kwa bahati nasibu; majemadari walichaguliwa, kwa kuwa vita vyataka ujuzi. Mkutano huo uliitwa eklesia, jina ambalo Wakristo walilitwaa baadaye kuliita Kanisa. Hata hivyo tusiupambe kupita kiasi: wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na sauti humo.

Mwaka 427 K.K., baada ya kuushinda mji wa Mytilene ulioasi, Waathene waliamua kwa hasira kwamba wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri. Kesho yake dhamiri ziliwasuta, wakakutana tena. Kleon alishikilia adhabu ileile. Diodotos alipinga, akionyesha kwamba ukatili huo hauna faida kwa Athene. Mikono ilikaribia kulingana, lakini Diodotos akashinda. Merikebu ya pili ikatumwa mbio, wapiga makasia wakila huku wakivuta na kulala kwa zamu. Ilifika amri ya kwanza ikiwa imekwisha kusomwa, bali haijatekelezwa. Viongozi wa uasi waliuawa, lakini mji ukapona.

Mwaka 406 K.K. mambo yakawa mengine. Majemadari walioshinda vita vya baharini huko Arginusae walishtakiwa kwa kutowaokoa mabaharia waliozama. Umati ukadai wahukumiwe wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Sokrates, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa mkutano siku hiyo, alikataa. Hakusikilizwa, na majemadari sita wakauawa. Baadaye Waathene walijuta, lakini hapakuwa na merikebu ya pili ya kuwafuata wafu.

Kwa maoni yangu, wengi wana haki ya kuamua, ila wingi haugeuzi kosa kuwa haki. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kuinua mkono kikaoni kwa sababu tu jirani yake ameinua? Basi, iwe katika jumuiya, ukoo au chama cha ushirika, tukiona hasira imetawala kikao, tuwe na ujasiri wa kusema: ndugu zangu, tuamue kesho. Na yule mmoja anayepinga tumpe nafasi amalize maneno yake.