Afya ya samaki wa Tanganyika iandikwe katika daftari moja

Katika soko la Kotebu, hapa Ngagara, mnunuzi akiinama juu ya fungu la ndagala huuliza swali lilelile: "Mama, hawa wa wapi?" Jibu nalo halibadiliki sana: "Wa ziwani, dada. Ziwa ni moja."

Muuzaji hakosei. Ndagala wa Bujumbura ndiye dagaa wa Kigoma na ndiye kapenta wa Mpulungu. Mukeke, Kigoma humwita mgebuka. Akiwa hai huvuka nchi bila kuulizwa pasi. Maswali huanza akishakauka na kuingia guniani.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupata cheti cha asili palepale mpakani, lakini haumwondolei ukaguzi wa afya. Na cheti cha afya husema tu kwamba gunia hili, leo, linafaa kuliwa. Hakisemi kama samaki wa ziwa hilo wana minyoo kuliko miaka 5 iliyopita, kama wanapevuka wakiwa wadogo zaidi, au kama nyama yao imeanza kubeba zebaki. Hayo hujulikana kwa kupima mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walikadiria kwamba kupanda kwa joto la maji huenda kumepunguza samaki wa Tanganyika kwa karibu asilimia 30. Waliweza kufika hapo kwa sababu walikuwa na vipimo vya joto vya tangu 1913 vya kulinganishia. Kwa samaki wenyewe hakuna mnyororo mrefu namna hiyo. Mradi wa FAO na Finland ulioanza 1992 ulifanya utafiti mzuri kutoka vituo vya Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, kisha ukaisha. Miaka ya karibuni LATAWAMA, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, imesaidia kupima maji. Miradi huja, hupima, hufunga ofisi. Meza na viti hubaki.

Wapo wanaosema kupima ni kujitafutia balaa, kwamba habari mbaya ikitangazwa soko litakufa. Waulizwe wa Ziwa Viktoria. Kati ya 1997 na 2000 Ulaya ilizuia sangara wao mara kadhaa, kwa hofu ya bakteria, ya kipindupindu, na mwaka 1999 ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Hata aliyevua kwa nyavu halali alikosa cha kujitetea, maana serikali hazikuwa na maabara wala kumbukumbu za kumridhisha mnunuzi. Biashara ilirudi baada ya ukaguzi na vipimo kujengwa upya. Uvumi wa aina hiyo ukianza leo Uvira au Rumonge, muuzaji wa Kotebu atajibu kwa karatasi gani?

Tena amekwisha kuombwa kuvumilia. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Ni uamuzi wa busara. Lakini aliyetegemea mzigo wa Kigoma ana haki ya kuonyeshwa, kwa takwimu, kama samaki waliovuliwa baada ya hapo ni wakubwa na wazima kuliko wa kabla.

Chombo cha kazi hiyo kipo, na makao yake yako mjini hapa hapa: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa 2003 kati ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Zambia haimo katika Jumuiya, kwa hiyo Arusha peke yake haitoshi. Mamlaka iwe na vituo vichache visivyohama, kimojawapo mahali Mto Ntahangwa unapomwaga uchafu wa Bujumbura ziwani. Gharama isisubiri mfadhili: sehemu ya ushuru ambao wafanyabiashara wa samaki tayari wanalipa mipakani itengwe kwa kazi hiyo.

Na matokeo yasiishie kwenye ripoti ya Kifaransa au Kiingereza. Yabandikwe kila miezi mitatu, kwa Kiswahili na Kirundi, Kotebu, Rumonge, Uvira na Kigoma, mahali mizani ilipo.