Kompyuta ya Gari Kuukuu: Isomwe Namba Kabla ya Kutoa Fedha



Dada yetu mmoja aliyeolewa Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui, ametuletea suali ambalo twaona lawahusu wengi. Mumewe ana Toyota Probox ya abiria na mizigo. Ndiyo karo na ndiyo unga wa nyumba ile. Gari limezima. Fundi asema kompyuta ya injini imekufa, na inunuliwe nyingine iliyotumika kutoka Mombasa. Fedha zenyewe ni mkopo wa chama cha akina mama.

Kwanza, kompyuta isihukumiwe haraka. Kijisanduku hiki hupokea habari za hewa, joto na mzunguko wa injini, kisha huamua kiasi cha petroli na wakati wa kupiga cheche. Hufa kwa nadra. Kinachokufa mara nyingi ni fyuzi, relei, waya wa arthi ulioshika kutu, au soketi iliyoingia maji. Fundi apime kwa mita iwapo umeme wafika kwenye soketi ya kompyuta. Ukifika, na taa ya injini isiwake hata swichi ikifunguliwa, hapo shaka ina msingi. Fundi asiye na mita hukisia tu, na makisio yake hulipwa na mwenye gari.

Likithibiti hilo, kinachotafutwa ni namba iliyo kwenye kibandiko. Kompyuta za injini za Toyota huanza na 89661, kisha kistari na tarakimu au herufi tano nyingine. Hizo tano ndizo zenye siri. Probox za mwanzo za petroli, zilizotoka kuanzia mwaka 2002, zina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 au 2NZ-FE ya lita 1.3, ziko za gia za mkono na za otomatiki, ziko zinazovuta magurudumu mawili na ziko za manne. Masanduku yake yaweza kufanana kama mayai, soketi ikaingia bila tabu, na gari likakataa kuwaka au likala mafuta kupita kiasi. Basi muuzaji akisema “hii inaingia”, hajajibu suali. Apelekewe picha ya kibandiko cha zamani, naye arejeshe picha ya chake. (Wenye Nissan watazame 23710, wa Honda 37820.)

Kisha ufunguo. Gari lenye kinga ya wizi ndani ya ufunguo halitaitambua kompyuta ngeni mpaka vitu hivyo vifundishwe kujuana kwa mashine, au vinunuliwe pamoja kutoka gari moja. Gharama hiyo iulizwe mapema.

Fundi amependekeza pia kompyuta “ichezewe” ili gari liongeze nguvu. Honda Civic za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na kompyuta iitwayo P28, ambayo yaweza kuongezewa chipu ya programu inayoweza kubadilishwa. Ndiyo maana wapenda mashindano huitafuta hadi leo. Lakini gari la kubeba magunia katika joto la Ukambani si la mashindano. Cheche ikiwahishwa mno, injini hugonga na pistoni huungua. Sisi twasema aache.

Muuzaji wa kitu kilichotumika ana wajibu wa kisheria ya dini kubainisha aibu anayoijua. Hata hivyo, yaandikwe kwenye risiti: namba ya kompyuta, na siku ngapi yaweza kurudishwa. Wengi hawapokei tena vifaa vya umeme, hivyo asiyekubali kuandika aachwe.

Ile ya zamani isiachwe gereji. Katika nyingi za miaka ya 1990, kilichoharibika ni kapasita zilizovuja. Zikifunguliwa hunuka kama samaki aliyechina, na fundi wa redio mwenye mkono mwepesi aweza kuzibadilisha kwa gharama ndogo.