Acheni Saa, Sikilizeni Kinanda

Taja The Dark Side of the Moon mbele ya wapenzi wa roki, nao watakusimulia vikorombwezo: saa zinazolia kwa mkupuo, sarafu, mapigo ya moyo, mtu anayecheka. Kutokana na hayo imezoeleka kusemwa kwamba albamu hii ya Pink Floyd ya mwaka 1973 ni kazi ya mafundi mitambo, na kwamba ujanja wa studio za Abbey Road ndio ulioifanya iwe kitu kimoja.

Kalenda peke yake inaipinga hukumu hiyo. Bendi ilianza kuipiga jukwaani Januari 1972, miezi kadhaa kabla ya kuanza kuirekodi. Hata zile saa, fundi Alan Parsons alikuwa amezinasa ili kuonyesha uwezo wa mfumo wa spika nne. Wimbo ulizikuta tayari.

Kinachoiunganisha albamu ni kordi zake. Ubeti wa "Breathe" unaegemea kordi mbili zinazopokezana, E maina na A meja. Katika ufunguo wa E maina ungetarajia A iwe maina pia. Hapa noti moja imepandishwa nusu hatua, na huzuni inakosa pa kutua. Sasa nenda kwenye "The Great Gig in the Sky", pale Clare Torry anapopaza sauti bila neno lolote: G maina na C meja, uhusiano uleule. Nenda "Any Colour You Like": D maina na G meja. Hatua ni ileile, imehamishiwa pengine tu. Nyimbo zote tatu zina jina la Richard Wright, mpiga kinanda, miongoni mwa watunzi. Wright mwenyewe alisema kordi moja ya "Breathe" aliitoa kwenye Kind of Blue ya Miles Davis. Sifa nyingi, hata hivyo, huenda kwa mashairi ya Roger Waters.

Na sarafu za "Money"? Milio ile ilikatwa kwa urefu sawa na kuunganishwa ijirudie kwa mapigo saba, kisha besi ikaingia humohumo kwenye saba. Huo ni mdundo, si pambo. Saksafoni inavumilia hesabu hiyo ngumu. Gitaa likipewa nafasi, wimbo unahamia mapigo manne.

"On the Run" nawaachia wapinzani wangu. Palikuwa na kipande cha gitaa, sinthesaiza ikachukua nafasi yake kwa noti nane zisizochoka, mimi huchoka.

Lakini "Us and Them" hawaipati. Besi inashikilia D huku kordi za juu zikibadilika, moja ikipita kwenye maina yenye noti ya saba inayochoma kama mwiba. Wright aliitunga kwa piano kwa ajili ya filamu ya Zabriskie Point ya 1970, na mwongozaji Michelangelo Antonioni akaikataa, wakati albamu yenyewe ilikuwa haijafikiriwa.