"Twendapi?": Swali Lililogeuzwa Kilio

Tangu Sauti ya Dhiki ilipochapishwa mwaka 1973, wasomaji wake wengi wameichukulia diwani hiyo kuwa kilio cha mfungwa. Mtazamo huo wafaa kupingwa, kwani unamwondolea Abdilatif Abdalla kile hasa kilichomtia gerezani: fikra.

Ikumbukwe kuwa diwani ilitanguliwa na waraka. Mwaka 1968, baada ya wagombea wa KPU kuzuiwa kwa wingi kushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa, kijana huyo wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 22, aliandika Kenya: Twendapi?, nao waraka ukasambazwa kwa siri. Serikali ya Jomo Kenyatta iliusoma kwa makini. Haikujishughulisha na mizani wala lahaja. Ilitambua kuwa uhalali wake umehojiwa, ikamshtaki kwa uchochezi. Alitoka gerezani mwaka 1972, baada ya miaka mitatu ya kifungo. Mwaka 1974 diwani yake ikatunukiwa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule. Msanii alituzwa; swali likaachwa bila jibu. Wahakiki wanaoisifu fani na kuyafumbia macho maudhui wanairudia hila hiyo, tena bila kushurutishwa na yeyote.

Wako wanaojitetea kuwa Abdilatif ni mshairi, si mwanafalsafa, kwa kuwa hoja zake hakuzipanga katika kitabu cha nadharia. Dai hili halina mashiko. Mombasa imeufanya utungo kuwa ukumbi wa hoja tangu zama za Muyaka. Anayetaka falsafa iwe nathari tu anaupima ushairi huu kwa kipimo cha ugenini. "Siwati" ni kauli ya msimamo: neno lenyewe, kwa Kimvita, ni kukataa kuacha. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", Alii na Badi hawaombolezi, wanabishana juu ya haki ya mti mmoja. Hiyo ni tafakuri juu ya umiliki na udugu.

Wengine husema kuwa swali limepitwa na wakati: KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969, na vyama vingi vikaruhusiwa tena mwaka 1991. Kana kwamba lililoulizwa lilikuwa idadi ya vyama! Kwa miaka mingi, hadi lilipofungwa, jaa la taka za mji lilikuwa Kibarani, kwenye njia ya kuingilia kisiwa cha Mombasa, na wako waliochakura riziki yao humo, karibu na bandari inayolisha nchi nzima. Msomaji wa hapo hakuhitaji sherehe ya msamiati wa Kimvita ili auelewe mzozo wa mnazi.

Mhakiki ana hiari ya kulijibu swali la 1968, au hata kulipinga. Kulibembeleza kama kilio si uhakiki.